Tuisheni maalum ya disleksia: utajuaje kama inamfaa mwanao

Maswali ni yale yale kila siku. "Mwanangu ameambiwa ana disleksia, nimtafutie mwalimu maalum au nisubiri akue?" "Yuko tuisheni mwezi wa pili sasa na sioni kitu, nimtoe?" "Mwalimu kaniambia ninunue kwanza miwani ya rangi, ni kweli?" Nimeona niyajibu yote hapa kwa mpangilio, manake ukijibiwa vipande vipande unaishia kulipa ada ya miezi halafu hujui hata umelipia nini.

Jambo moja lishike tangu sasa hivi: tuisheni ya kusoma inapimwa kwa maandishi ambayo mtoto hajawahi kuyaona. Watoto wengi wenye disleksia wameshajifunza kukariri ili wasiaibike, kwa hiyo mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukosea kumbe ameushika kichwani tangu juzi. Ukilikumbuka hilo tu umeshajikinga na nusu ya makosa.

Disleksia yenyewe kwa kifupi sana: ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake, ndo maana kusoma kunakuwa kwa jasho na tahajia inakuwa ovyo. Haihusiani na uvivu wala akili ndogo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, alishindwa kujifunza kusoma, na mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu basi huyo angekuwa wa kwanza shuleni. Hali hii mara nyingi iko kwenye familia, inaendelea mpaka ukubwani, na haina dawa ya kumeza. Kinachosaidia ni kufundishwa vizuri, basi. Sasa tuingie kazini.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Majibu ya vipimo vya macho na masikio, viwe vya karibuni
- Ripoti ya mtaalamu aliyempima mtoto kama ipo (kama haipo usikwame, endelea tu)
- Daftari zake za shule, hasa kurasa za imla na insha
- Simu yenye kurekodi sauti na kuhesabu dakika
- Aya sita za kiwango cha darasa lake ambazo hajawahi kuzisoma. Tatu za sasa, tatu za baadaye
- Orodha mbili za maneno ya kubuni, 20 kila moja, yaani maneno yasiyo na maana yoyote kama *lukefa, shopita, mbegiko, nyodafe, ng'asute, thaloru*. Orodha moja ya sasa, ya pili ya baadaye, na zilingane ugumu
- Wiki 12 za subira

Aya za baadaye pamoja na ile orodha ya pili zifiche. Nimesema zifiche kweli kweli, hata mwalimu wa tuisheni asizione.

Hatua ya 1: Jua shida iko wapi hasa

Macho na masikio kwanza, hili halina mjadala. Mtoto asiyesikia vizuri atachanganya sauti na utamlipia mwalimu wa kusoma wakati alihitaji daktari wa masikio.

Halafu fanya jaribio hili nyumbani, ni dogo lakini linaonyesha mengi. Chukua hadithi fupi umsomee wewe kwa sauti, kisha muulize maswali: nani alifanya nini, kwa nini, unadhani itakuwaje. Siku nyingine mpe hadithi nyingine ya kiwango hicho hicho aisome mwenyewe na umuulize maswali ya namna hiyo. Akijibu vizuri uliposoma wewe na akashindwa aliposoma mwenyewe, shida iko kwenye kuyasoma maneno, na hapo ndipo tuisheni ya disleksia inapofanya kazi. Ila kama hata ukimsomea wewe haelewi, huenda shida ni lugha yenyewe au umakini, na mwalimu wa kusoma peke yake hatatosha. Anaweza pia kuwa na vyote viwili, disleksia na tatizo la umakini huambatana mara nyingi, na wa hivyo anahitaji kushughulikiwa pande zote mbili.

*Angalizo:* usihukumu kwa herufi kugeuka peke yake. Mtoto wa miaka sita kusoma *dada* akasema *baba* ni kawaida sana, b na d zinawachanganya watoto wengi wanaoanza. Inayotakiwa kukushtua ni ile hali ya mtoto kuona *kitabu* akasema *kitanda*, yaani ameshika mwanzo wa neno halafu mwisho anabahatisha, na anafanya hivyo kila mstari, na wenzake wameshavuka hapo zamani.

Hatua ya 2: Pima alipo leo, kabla hajakanyaga tuisheni

Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu baada ya miezi mitatu wananiuliza "unadhani ameendelea?" Nitajuaje mimi, na wewe utajuaje, kama hakuna mlichoandika mwanzo?

Pima vitu vitatu. Cha kwanza kasi: mpe aya asome kwa dakika moja huku unarekodi, hesabu maneno aliyosoma, toa aliyokosea. Akisoma 31 akakosea 6 unaandika 25. Fanya hivyo kwa aya tatu tofauti na uchukue namba ya katikati, usichukue ya juu kabisa kwa sababu inakufurahisha, siku moja mtoto anaweza kuwa amechangamka na kesho yake amechoka.

Cha pili maneno ya kubuni. Mpe orodha ya kwanza ya maneno 20, hesabu aliyopatia. Hapa hakuna wa kukariri wala kubahatisha kwa kuangalia picha, kwa hiyo unaona wazi kama anaweza kuitoa herufi kwenye karatasi ikawa sauti mdomoni. Muambie mapema kwamba maneno hayana maana asije akadhani anachekwa.

Cha tatu imla fupi, sentensi tano. Angalia makosa ni ya aina gani: anaacha irabu? Anaandika *goma* badala ya *ngoma*? Anashindwa kutofautisha *ng* na *ng'*? Andika aina ya makosa, usiandike alama tu.

*Angalizo la lugha, na hili ni kubwa:* Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, Kiingereza hapana. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia akisoma Kiswahili anaweza asikosee sana lakini akawa mzito mno, anavuta silabi moja moja, *ha... wa... ku... tu... a... mbi... a*, mpaka afike mwisho ameshasahau sentensi ilianzaje. Mtoto huyo huyo kwenye Kiingereza anakosea waziwazi. Kama anasoma lugha zote mbili, pima zote mbili. Na usichukue jedwali la kasi la watoto wa Kiingereza ukamlinganisha nalo kwa Kiswahili, maneno yetu ni marefu, *hawakutuambia* ni neno moja kwetu na kwa Kiingereza ni sentensi nzima. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwanzo.

Hatua ya 3: Mhoji mwalimu

Usione aibu, unamkabidhi mtoto. Muulize hivi:

1. "Utaanza kwa kumpima nini?" Mwalimu mzuri atataka kumpima yeye mwenyewe hata kama una ripoti, na atakuambia anaanzia wapi na kwa nini.
2. "Unafundisha sauti na herufi kwa mpangilio gani?" Jibu unalolitaka ni kwamba kuna mfuatano, unaanza rahisi unaenda gumu, hakirukwi kitu, na yaliyopita yanarudiwa kila kipindi. Njia nyingi za kufundisha watoto hawa zimetokana na kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani kwenye miaka ya 1930, majina ya programu ni mengi lakini kiini kinafanana: kufundisha waziwazi, kidogo kidogo, mtoto aone, asikie, atamke na aandike kwa pamoja.
3. "Akikwama kwenye neno unafanyaje?" Akijibu "namwambia aangalie picha abahatishe" hapo pana kasoro. Kubahatisha ndo ugonjwa wenyewe tunaojaribu kuutoa.
4. "Utajuaje kama njia yako haimfai mwanangu, na utafanya nini?" Swali hili lina thamani kuliko yote. Asiye na jibu hapa hana mpango wa kupima.
5. "Utafundisha kwa lugha gani?" Mwalimu aliyezoea sauti za Kiingereza tu anaweza kumfundisha mtoto kwamba *a* ni "ei", arudi darasani asome *kalamu* kwa mashaka. Lugha zote mbili zinafundishika, ila mwalimu ajue anachotenganisha.

*Ondoka haraka ukisikia:* "ninaponya disleksia", "wiki sita atakuwa sawa", "nina garantii". Pia miwani au karatasi za rangi, mazoezi ya macho, mazoezi ya kupepesuka kwenye ubao ili ubongo "ujipange", vidonge. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na wenzao wa macho walitoa tamko mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi kuwa lenzi za rangi na mazoezi ya macho yanatibu disleksia. Pesa hiyo weka kwenye vipindi vya kusoma.

Na vyeti? Viulize, vina maana yake, lakini nimeona mwalimu wa kawaida mwenye subira anayefuata programu vizuri akimzidi mwenye vyeti ukutani anayefanya homuweki ya shule na mtoto halafu anaiita tuisheni ya disleksia. Homuweki ni homuweki. Kama saa nzima imeisha kwa kumaliza maswali ya sayansi ya kesho, mtoto hajafundishwa kusoma.

Hatua ya 4: Kaa kwenye kipindi kimoja

Omba ukae pembeni, kimya, au uone kwa video kama ni onlaini. Mwalimu akikataa kabisa bila sababu, hilo nalo ni jibu.

Kipindi kizuri utakijua. Kinaanza na marudio ya kadi za sauti alizojifunza, haraka haraka. Kisha mchezo wa sauti bila maandishi: "sema *samaki*, sasa toa ile sauti ya kwanza", mtoto anasema "amaki". Kisha kitu kipya kimoja, tuseme *mw*. Anakisoma kwenye maneno, anakiandika kwa imla, anakikuta kwenye aya fupi ambayo ina maneno ya yale aliyokwisha kufundishwa. Mwisho mwalimu anaandika kwenye daftari lake alikosea wapi, maana ndo mwanzo wa kipindi kijacho.

Angalia hasa pale mtoto anapokosea. Amesoma *mwalimu* akasema *malimu*. Mwalimu mzuri hampi jibu, anaweka kidole chini ya *mw*, "hii tulisema inatoa sauti gani?", anasubiri. Zile sekunde za kusubiri ndo mafundisho yenyewe. Mwalimu anayerukia kutoa jibu kila mara anamfundisha mtoto kumsubiri yeye.

*Kosa la kawaida:* kufurahia wimbo. Mtoto anaimba *ba be bi bo bu, da de di do du* bila kukosea na mzazi anapiga makofi. Chukua karatasi ufunike zote, uache *du* peke yake, muulize hii nini. Wengi hapo wananyamaza, au wanarudi kuanzia *da* wakihesabu kwa vidole mpaka wafike. Huo ni wimbo ameushika, herufi bado.

Hatua ya 5: Pima mzigo

Kipindi cha dakika 30 mpaka 60, angalau mara mbili kwa wiki, mara tatu au nne ni bora zaidi, na dakika chache za marudio nyumbani siku nyingine. Mara moja kwa wiki ni kidogo kwa mtoto aliyebaki nyuma sana, anasahau katikati. Mmoja mmoja ni vizuri, ila wawili watatu wa kiwango kimoja sio mbaya. Kikundi cha watoto kumi wa viwango tofauti, hapana, hiyo ni darasa lingine tu.

Angalia na saa. Mtoto aliyetoka shule amechoka, njaa inamuuma, anapelekwa tena kusoma kitu kinachomuumiza kuliko vyote. Ikiwezekana ale apumzike kwanza, au iwe asubuhi siku asiyoenda shule. Na usimnyang'anye kile anachokiweza ili apate muda wa tuisheni. Kama ni mpira, kama ni kuchora, kama ni kuimba, muachie, hapo ndipo anapojiona na yeye ni mtu.

Hatua ya 6: Ongea na mtoto

Kabla ya kuanza muambie ukweli kwa maneno yake: una akili, kusoma kwako kunahitaji njia nyingine, tumepata mtu wa kukuonyesha. Asijifunze jina la disleksia kwa kusikia wakubwa wakinong'ona.

Baada ya wiki tatu nne muulize maswali yenye mwili. "Unaipenda?" haisaidii, atasema ndiyo ili ufurahi. Uliza "leo mlifanya nini kwanza?", "ulikosea wapi, mwalimu akasemaje?" Kama anaweza kukueleza kosa lake bila kuficha uso, mazingira yako sawa.

Hatua ya 7: Wiki 12 zikiisha, pima tena

Toa zile aya tatu ulizoficha na ile orodha ya pili, fanya vile vile: saa ile ile ya siku, sehemu ile ile, namba ya katikati. Imla nyingine ya aina ile.

Jua mpangilio wa mambo yanavyobadilika, usije ukamtoa mtoto wakati ndo kwanza mbegu inachipua. Kwanza anazijua sauti moja moja bila kusita. Halafu maneno ya kubuni yanapanda. Kasi inakuja nyuma, tahajia nyuma zaidi, na alama za shule ndo za mwisho kabisa. Kwa hiyo ripoti ya muhula isiyobadilika haimaanishi tuisheni imeshindwa.

Hatua ya 8: Amua

- Maneno ya kubuni yamepanda na makosa ya imla yamebadilika aina: endelea, hata kama kasi bado ndogo.
- Sauti zimepanda ila mtoto amekuwa mwoga au mgonjwa-mgonjwa kila siku ya kipindi: endelea na njia, zungumzia mwalimu au ratiba.
- Hakuna kilichosogea, na vipindi vilihudhuriwa kweli: kaa na mwalimu na namba zako mezani. Mpe wiki sita za mpango uliobadilishwa, uandikwe. Zikipita bila kitu, ondoka kwa heshima.
- Hakuna kilichosogea, na nusu ya vipindi vilikosekana: hapo hujapima tuisheni bado. Rekebisha mahudhurio, hesabu upya.

Mambo yakienda kombo

*Kwa mwalimu anasoma, nyumbani anakwama.* Mara nyingi nyumbani mnampa vitabu vyenye maneno ambayo hajafundishwa bado. Mwombe mwalimu aya za kiwango alichofika, hizo ndo asome mwenyewe. Vile vitabu anavyovipenda msomee wewe, au asikilize vya sauti, ili maarifa na msamiati visisubiri kasi ya kusoma.

*Shuleni wanafundisha kivingine na mtoto anachanganyikiwa.* Wakutanishe mwalimu wa darasa na wa tuisheni, hata kwa simu ya dakika kumi. Omba vitu vidogo vinavyowezekana: asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa, apewe muda wa ziada, asikatwe alama za tahajia kwenye somo lisilo la lugha. Tuisheni nzuri haiondoi haja ya hivi vitu, vinakwenda pamoja.

*Mdogo wake amempita kusoma.* Hili linauma kweli kweli na mtoto hatakuambia. Usiwasomeshe pamoja mezani. Mpe muda wake, mlango ukiwa umefungwa.

*Hakuna mtaalamu karibu.* Onlaini inafaa kwa watoto wengi, ila mtoto mdogo sana au asiyetulia atahitaji mtu mzima wa kukaa pembeni. Lazima mwalimu aone mkono wa mtoto ukiandika, kwa hiyo weka kamera ielekee daftari. Ikishindikana, tafuta mwalimu wa kawaida wa madarasa ya mwanzo anayekubali kufuata programu yenye mpangilio hatua kwa hatua, na wewe ukapima kama ilivyoelezwa hapo juu.

*Mwalimu anasema "subiri tu" kila ukiuliza.* Muulize tusubiri nini, na mpaka lini. Akikutajia sauti zipi anazifanyia kazi na lini atapima, subiri. Akirudia "watoto wanatofautiana", rudi hatua ya 3.

*Ameshakuwa mkubwa, ana miaka 13 au 14.* Bado anafundishika, usikubali mtu akuambie amechelewa. Ila mambo mawili yabadilike. Usimpe vitabu vya picha za watoto wadogo, ataona ametukanwa na atakataa kurudi, mwalimu atumie maandishi ya mambo anayoyapenda na agawe silabi za maneno magumu ya masomo yake, *m-me-ng'e-nyo*, *de-mo-kra-si-a*. Na kwa kuwa mitihani haimsubiri, anza mapema kuomba muda wa ziada au msomaji wa maswali, maana maombi hayo huhitaji ripoti ya mtaalamu na yanachukua muda, kwa hiyo yaanze wiki ile ile anayoanza tuisheni.